Bata wa Shangazi Oddlaug

Oslo, 19 Aprili

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi kutoka mjini. Mimi ni mzima wa afya, wasiwasi wangu ni juu yako na hiyo nyonga. Theluji imekwisha huko?

Nimepewa likizo ya majira ya joto, na safari hii sitaki Hispania wala Ugiriki. Nataka kuja kwako Skarvholmen. Tangu baba afariki sijakanyaga kisiwani, nami naikumbuka miamba ile mpaka naiota. Hebu nishauri: nije lini, nibebe nini, nisifanye nini? Wenzangu kazini wananicheka eti nalipa nauli kwenda kunyeshewa. Waache wacheke.

Binti wa kaka yako,
Marthe

Skarvholmen, 27 Aprili

Marthe mwanangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, maana leo upepo umetulia na nilitaka kusikia maneno ya mtu. Sijambo. Nyonga inanung'unika, nami nimeizoea kama mume mnung'unikaji.

Basi sikiliza. Lete nguo za sufu, hata kama ni Julai. Viatu vya madoido viache hukohuko. Jiwe jeupe likanyage, jeusi liogope, kwa sababu lina utelezi wa mwani na limewavunja mifupa wajuaji wengi. Ukungu ukiingia, keti papo hapo ulipo. Haraka haraka haina baraka, na kwenye ukungu ina jeneza. Usingojee giza ndipo ulale, jua la huku halitui majira ya joto, utakesha mpaka Agosti. Na uje na kahawa, hiyo ya dukani kwetu ni maji ya kuoshea vyombo.

Ila usije kabla ya Julai. Sasa bata wa baharini wanapanda kutoka majini kuingia kwenye vibanda nilivyowajengea kwa mawe na mbao za ufukweni, kama mama alivyowajengea mama zao. Wanataga na kuatamia, nami nawalinda na shakwe, ndege wezi wa mayai. Wakiondoka na vifaranga vyao wananiachia manyoya laini ya kujazia mablanketi. Ndiyo mapatano yetu, na ni ya zamani kuliko kanisa.

Lakini wanamkubali mtu mmoja tu, koti lake na mwendo wake. Wakishtuka wanakimbia, na pengine hawarudi tena. Kwa Torleif, kisiwa cha ng'ambo, vibanda ni vitupu tangu mkewe afariki. Nisingependa kuyaona hayo hapa kwangu nikiwa hai.

Shangazi yako,
Oddlaug

Ujumbe wa simu, 17 Mei, asubuhi

Shangazi, pole na maumivu. Natumaini nyonga mpya uliyowekewa hospitali ya mjini imekaa vizuri na wauguzi wanakutunza.

Tangu uanguke na Torleif aniite nije kukushikia nafasi, nimefuata kila ulichoniagiza. Nimevaa koti lako, nimepita njia yako, na bata walikuwa wameanza kunivumilia. Leo nimeharibu. Nimeamka, nikakumbuka ni sikukuu ya taifa, na mikono ikafanya kile inachofanya kila mwaka tangu utotoni: nikapandisha bendera. Upepo ukaichapa mara moja tu. Bata wote wakatoka kwa mkupuo wakakimbilia majini.

Torleif aliona kutoka ng'ambo, akanipigia simu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Oddlaug hajawahi kupandisha bendera mwezi wa tano."

Mayai yanapoa. Nimekumalizia bata wako? Niambie nifanye nini.

Marthe wako

Ujumbe wa simu, 17 Mei, asubuhi

Marthe, nyamaza kulia, maana kilio nacho hawakipendi.

Funika mayai kwa manyoya yaliyomo kiotani, juu yake weka mwani mkavu, shakwe wasiyaone. Kisha keti kwenye jiwe la mlangoni, uipe bahari mgongo. Usigeuke kutazama kama wanakuja. Aliyekimbia huona haya kurudi akitazamwa. Mvua ikinyesha, inyeshe. Usiinuke mpaka uwasikie wako ndani wote.

Shangazi

Skarvholmen, 29 Juni

Shangazi mpendwa,

Hujambo? Umeanza kutembea bila mkongojo? Mimi sijambo, ila nanuka mwani mpaka kwenye nywele.

Juzi bata waliondoka. Bata mama walishuka mmoja mmoja kwenye miamba, vifaranga nyuma, vikianguka na kuinuka, mpaka wakaingia majini wote. Nilisimama mlangoni nikashindwa hata kunywa kahawa. Bata wawili hawakurudi baada ya ile bendera, na hilo linaniuma. Wengine wote walirudi jioni ileile, nikiwa nimelowa chapachapa, mmoja akipita karibu na kiatu changu kana kwamba mimi ni jiwe. Sijawahi kupewa heshima kubwa kama ile. Torleif amekagua vibanda vyote, akasema, "Si vibaya." Najua kwa watu wa huku hiyo ni hotuba nzima.

Nilikuwa nikidhani unaishi hapa kwa sababu huna pa kwenda. Nisamehe. Sasa nakuonea fahari. Nimezungumza na bosi wangu, na kila majira ya kuchipua nitakuwa hapa. Kitanda chako nimekitandika. Rudi nyumbani, mwakani tuwalinde pamoja.

Binti wa kaka yako,
Marthe

Mjini, 8 Julai

Marthe mwanangu,

Mimi ni mzima, natembea mpaka dukani na kurudi. Barua yako imewapitia wauguzi wote, nami nilijifanya nimechoshwa na sifa zako.

Nitakuja wiki ijayo, tule samaki na viazi, tusafishe manyoya. Nitakaa mpaka theluji iishe. Lakini hilo la pamoja haliwezekani, nawe unajua. Bata wamekwisha kukuchagua. Mguu huu mpya una mwendo mwingine kabisa, na kwao mimi sasa ni mgeni. Nimelia kwa furaha, na kwa wivu pia, sikufichi.

Aprili mwakani, kabla bata hawajapanda, nitahamia kwa Torleif. Amenipa chumba chenye dirisha linaloelekea kwako, na darubini ya marehemu mkewe. Nitakuona kila asubuhi ukitoka kuwapitia.

Ukiniona dirishani, usinipungie mkono.

Shangazi yako,
Oddlaug