Magoti Niliyompigia Mgeni

Sumbawanga,
Jumapili jioni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama huko Kirando, na kwamba mgongo hausumbui tena ukiinama kuanika dagaa. Sisi ni wazima. Baba amemaliza kupura ulezi. Wilibrodi ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anabishana na kila mtu. Naandika kwa sababu simu ya Baba ina wasikilizaji wengi.

Siku hizi kila Jumamosi najitolea kwenye ile nyumba ya zamani ya mapadre, ambayo sasa ni makumbusho. Nafuta vumbi na kuwaeleza wageni habari za vyombo. Mwanzoni sauti ilikuwa haitoki, hata Mzee Zenon, msimamizi wetu, akaniuliza kama naeleza au naungama.

Mwezi uliopita lilikuja kundi kubwa. Mama mmoja alisimama peke yake chumba cha jiko, amenipa mgongo, anatazama jiwe la kusagia. Nilipiga magoti, nikapiga makofi taratibu na kumwamkia kwa Kifipa, kama ulivyonifundisha. Aligeuka, akacheka, akawaita wenzake waje waone. Nao wakapiga makofi, ya kushangilia, wakaomba nirudie wapige picha. Nikarudia. Mzee Zenon alisifu ubunifu wangu, akataka nifanye hivyo kwa kila kundi. Jane, ninayesoma naye, anasema nitaota sugu magotini kabla ya kumaliza kidato cha tatu.

Mama, sikubuni chochote. Yule mama alivaa kitenge cha bluu kama chako, na kilemba amekifungia upande kama wewe. Nilidhani umerudi, ukaambiwa nyumbani kuwa niko huku, ukanifuata. Niliona aibu kusema, nikawaacha waamini ni maonyesho. Tangu hapo nimewapigia magoti watu wengi, na kila mmoja namtazama usoni kwanza.

Miaka miwili ni mirefu. Naogopa siku utakayorudi nitakuamkia na utaona nimezoea kufanya hivyo kwa wapita njia. Kwa hiyo jana nilimweleza Mzee Zenon ukweli. Nilisema vyombo nitaendelea kuvieleza, lakini magoti basi. Akaniuliza kama wewe mwenyewe umeshaambiwa.

Ndiyo nakuambia. Shule inafungwa mwanzoni mwa Desemba. Njoo, Mama, hata kwa siku mbili.

Wasalimie wote unaoanika nao. Baba anasema hana salamu, lakini ameuliza mara mbili kama nimemaliza kuandika.

Ni mimi mwanao anayekungoja,
Hilaria