Namba Saba wa Toharani

Mdogo wangu Gaude,

Leo ni siku ya kumi na tisa tangu uondoke Lipangalala kwenda Malinyi kutengeneza televisheni ya mtu. Pikipiki yako ilikutwa njiani, pale maji ya mvua yalipoikata barabara. Ilikuwa imesimamishwa kwa stendi na kufungwa usukani. Ufunguo haukuwepo, begi lako la spana halikuwepo, na wewe hukuwepo. Aliyeikuta ni mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa akivusha ng'ombe. Nilimfuata nikamwuliza jambo moja mara tatu, kwa maneno matatu tofauti, kama kazi yangu ya uandishi wa habari ilivyonizoesha. Akanichoka.

"Kaka, mimi nimeona pikipiki. Mtu sijaona. Usiniandikie mtu."

Baba Mdogo, ambaye tangu Baba afariki ndiye msemaji wetu, aliamua tuzike mgomba badala yako, kama wanavyofanyiwa watu ambao mwili haukupatikana. Alikuwa ameshaukata, umelala uani umefunikwa shuka. Alikuwa anasubiri neno langu tu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wako. Alinipa mpaka leo mchana.

Asubuhi niliingia chumbani kwako kutafuta barua, namba ya simu, chochote cha kunisaidia kujibu. Sikupata. Nikakaa kitandani, nikawasha gemu.

Mimi si mchezaji, unajua. Katika maisha yangu nimependa gemu tatu tu, na zote nilizichezea kwako. Ya magari niliipenda kwa sababu ilikuwa na lami mwanzo hadi mwisho, na sisi tulikuwa tumekulia kwenye vumbi na tope. Ya ngumi niliipenda ingawa sikuwahi kukupiga hata mara moja. Nilikuwa nabonyeza vitufe vyote kwa pamoja, nawe unacheka: "Kaka, hapo unapigana au unapiga chapa?"

Ya tatu ni ya mpira, na hiyo ndiyo ilikuwa bora kuliko zote, kwa sababu ilikuruhusu kufuta majina ya wachezaji na kuandika ya kwako. Wenzako waliandika majina ya rafiki zao. Wewe uliandika ya marehemu wetu. Timu ukaiita Toharani, mahali roho za marehemu zinaposubiri. Bibi wa Katindiuka alikaa golini. "Hakuna kuku aliyewahi kumpita yule," ulisema. Jina lake halikutosha kwenye skrini, likaishia BIBI KATINDIU. Babu alikuwa beki. Mama alicheza katikati, kwa sababu alipenda kugawa. Sharti lilikuwa moja: aliye hai haingii, hata akihonga. Sura hukuzihangaikia. Wote walibaki na ile moja inayotolewa na mashine, kijana asiye na ndevu anayetazama mbele. Mara ya mwisho nilipocheza nawe walikuwa tisa.

Leo asubuhi walikuwa kumi na mmoja.

Wa kumi ni Baba. Wa kumi na moja, namba saba, ni mimi.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikatoka, nikaingia tena. Jina langu lilikuwa pale. Na huyu peke yake ulimtengenezea sura: kipara kinachoanzia mbele, miwani, hata kovu la kidevuni. Nilianzisha mechi. Nikiwa na mpira, namba saba alikuwa mkononi mwangu. Nikimpasia Baba, namba saba aliendelea kukimbia mwenyewe, akitafuta nafasi, akinyoosha mkono aombe mpira, na sikuwa nimegusa kitu. Dakika ya sitini alifunga. Wale wengine wakaja mbio kutoka pande zote, sura moja mara kumi, wakamzunguka mpaka miwani ikapotea katikati yao. Mvua ilikuwa inapiga bati. Niliweka pedi ya gemu sakafuni.

Dada yetu Skola aliingia na chai, akaona skrini.

"Ah. Umeshajiona."

"Nani ameniweka hapa?"

"Gaude, wiki ile tuliyomzika Baba. Ulituma ujumbe wa simu, hukuja. Akasema, 'Huyu naye amekufa, basi tu hajaambiwa.' Tukacheka, kaka. Nisamehe, na mimi nilicheka."

"Mbona amenitengenezea sura?"

"Alikaa siku mbili akiitengeneza. Hakutaka nimwulize." Akaiweka chai. "Timu imejaa. Baba Mdogo akizika, ukimwandika Gaude, itabidi wewe utoke."

Sikukasirika, Gaude. Siku Baba anazikwa nilikuwa safarini kikazi na ningeweza kurudi. Sikurudi. Huo ndio ukweli wake. Lakini nimeandika habari za watu kwa miaka mingi, na nimeona jinsi mtu anavyotangazwa marehemu: wenzake huchoka kumsubiri, kisha mmoja anatamka. Wewe ulinitamka. Ulikuwa na sababu, na ulikosea. Mchana, uani, mbele ya watu, nilitakiwa nikufanyie hivyohivyo.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Hatuziki."

"Wewe hukuzika hata baba yako," alisema, na watu wote walisikia. "Leo unatufundisha nani azikwe?"

"Ndiyo maana sizidishi kosa. Pikipiki ilifungwa usukani. Anayebebwa na maji hapati nafasi ya kufunga usukani."

"Huenda aliifunga ndipo akaingia majini."

"Huenda. Hilo sijaliona, na wewe hujaliona."

Akatazama shuka. "Na huu mgomba?"

"Wape mbuzi," alisema Skola, na mtu mmoja nyuma akacheka kabla hajajizuia.

Kesho naelekea Malinyi, kijiji kwa kijiji, mpaka nimpate mwenye ile televisheni. Kama upo, na kama umeondoka kwa sababu ambazo hukutaka kutuambia, huna haja ya kunieleza mimi. Mpigie Skola, useme neno moja tu, ukate. Kama nimekosea, nitaandika sahihisho kwa jina langu, na nitakuja kukuzika nikiwa wa kwanza kufika. Mpaka hapo, kila atakayeniuliza nitamjibu kwamba umechelewa.

Ni mimi, kaka yako mkubwa.