Majoho ya Kwaya na Presha ya Binti Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeunguza joho. La kwaya, la bluu, katikati ya mgongo – alama ya pasi kamili, mpaka ncha yake. Miaka ishirini na sita ya udobi, sijawahi. Mkono wa kulia pasi, wa kushoto simu. Meseji ya grupu: dalili saba za presha ya mimba. Nimefika dalili ya tano, nikasikia harufu.

Binti yangu yuko mwezi wa nane. Kliniki wamemwambia presha iko juu kidogo. Kidogo – ndivyo walivyotuambia hata ya mama yake, mwaka jana. Tangu tumzike mke wangu nimejiunga magrupu kumi na moja. Nikikosa meseji moja naona kama ndiyo hiyo ambayo ingemwokoa.

Leo nimemtumia binti meseji tisa.

Jumanne, 4 Machi

Mwenyekiti wa kwaya kaja kuona joho. Mama mnene, sauti ya kengele. Nilijiandaa kutukanwa. Akaliinua juu, akachungulia kwenye alama.

"Fundi, huyu wa sauti ya tatu sasa umemtobolea dirisha. Afadhali, kila siku analalamika joto."

Akacheka peke yake. Kisha akaniangalia usoni, akavuta kiti akakaa. Kiti cha marehemu. Hakujua. Sikumwondoa.

Ataweka kiraka. Mradi majoho yote ishirini yawe tayari Jumapili, wanaimba.

Meseji kumi na tatu kwa binti. Moja ilikuwa ndefu sana, kuhusu chumvi.

Alhamisi, 6 Machi

Mkwe wangu kapiga simu, sauti ya chini. Binti kalazwa tangu jana. Si hali mbaya, anasema, ila presha haitulii. Halafu akasita.

Nesi alimpima asubuhi, ilikuwa nzuri. Simu ikalia, binti akasoma. Akapimwa tena, imepanda. Nesi akauliza ni nani huyo anayemwandikia hivyo.

"Baba, samahani. Ni wewe."

Meseji arobaini na tatu kwa siku nne. Nesi kazihesabu.

Nimekaa sakafuni katikati ya mashuka ya watu. Nilidhani namkimbiza mwanangu mbali na kifo – kumbe nimemshika mkono namvuta kuelekea huko huko.

Ijumaa, 7 Machi

Mwenyekiti kaja saa mbili. Majoho yamekauka? Bado. Kaja saa tano, kayashika kwenye kamba moja moja. Bado. Saa nane huyo tena.

"Mama," nikamwambia, "ukisimama hapa jua haliongezeki. Umeshaniachia nguo. Nenda nyumbani ukapumzike."

Kaondoka kanuna kidogo.

Nami nikabaki nimesimama na beseni mkononi. Maneno yale nilikuwa namwambia nani? Mimi ndiye mteja wa namna hiyo kwa Mungu. Asubuhi namkabidhi binti yangu, saa nne narudi kumnyang'anya, niangalie kama Ameanza kazi.

Marehemu alikuwa na sala fupi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Anafunga macho, anataja jina la mtu, anasema "nimekuletea", anarudi kwenye vyombo vyake. Nilikuwa namtania, Mungu hata hajageuka wewe umeshamaliza. Alinijibu, "Kwani hasikii?"

Nikafuta mikono. Nikamtaja binti kwa jina lake lote. Nimekuletea. Nikarudi kwenye pasi.

Halafu nikatoka magrupu yote, moja moja, kumi na moja. Katika moja waliuliza sababu. Niliwaandikia: nimechoka, nakwenda kupumzika.

Jumamosi, 8 Machi

Majoho. Siwajui wenyewe kwa sura, nawajua kwa kola. Wa uzi wa kijani anatoka jasho sana – Mungu mpe nguvu. Huyu ana poda shingoni – Mungu mpe mchumba mwema. Ishirini wote nimewaombea, na pasi haikugusa pasipotakiwa.

Saa saba mchana nimelala! Juu ya furushi la mashuka, dakika arobaini. Tangu msiba sijawahi kulala mchana.

Jioni binti kapiga mwenyewe. Presha imeshuka, mara mbili mfululizo.

"Baba, jana na leo hujaniandikia kitu. Nilidhani unaumwa."

Nikamsimulia habari za joho lenye dirisha. Kacheka mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini. Kicheko cha mama yake kabisa, kile cha kuishia na kikohozi.

Jumapili, 9 Machi

Wameimba. Ishirini, bluu tupu, hakuna mkunjo. Wa sauti ya tatu kiraka chake kinaonekana vizuri, wala hajali. Nami nimeimba, nyuma kabisa karibu na mlango. Nimekuwa kimya miezi saba. Sauti ilitoka na kutu, lakini ilitoka.

Tulipotoka nje, simu. Mkwe. Uchungu umeanza, wiki nne kabla ya siku zake. Presha imepanda tena kidogo. Kaingizwa leba sasa hivi, na madaktari wawili.

"Baba, nikuandikie kila wanachosema?"

"Hapana, mwanangu. Wewe kaa naye. Nipigie mtoto akilia."

Nimeangalia mikono yangu. Imetulia.

Sasa saa saba na nusu. Nimekaa kwenye benchi nje ya kanisa, daftari gotini. Kwaya wanavua majoho, wananirundikia pembeni, bado yana joto la miili yao. Mwenyekiti, aliyenisikia kwenye simu, kaja na la kwake.

"Fundi, huko hospitali vipi?"

"Sijui bado."

Nimesema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayekaribishwa chakula, naye ameshashiba. Mwenyekiti kaniangalia, kakaa kwenye benchi kando yangu, na sasa tunakunja majoho pamoja, simu katikati yetu, tukisubiri mtoto alie.