Mukono kwa Bega ya Norbert

Jumatatu, 6/10/2003
CD imefika! Shemeji Jacques aliituma toka Bujumbura, imefungwa ndani ya gazeti. Ni filtre mupya ya programme yangu ya picha: unazungushia kitu hautaki, inakifuta, inajaza pale na rangi ya pembeni. Nimewasha groupe, jenereta yangu, saa tatu asubuhi, nikainstaller — hakuna kitu kwa menu. Mara mbili! Jacques hakuandika hata neno moja ya kunisaidia.

Mwalimu Norbert amepita hapa studio kuuliza picha yake ya ndoa. Nimemuambia kesho.

Jumanne, 7/10
Nimepata. Fichier ya filtre ilipaswa kuingia ndani ya dossier «Modules externes», mi nilikuwa naiacha inje. Nikafunga programme, nikafungua tena — iko! Nikaandika ile code ndefu ya nyuma ya CD. Nikajaribu kwa picha ya mbuzi: kamba imepotea, majani imebaki. Nilicheka peke yangu.

Kisha nikaweka picha ya Norbert kwa scanner.

Ndoa yake na Adolphine, 1995. Marehemu bwana yangu Bertin ndiye aliipiga. Pembeni ya Norbert iko témoin, musimamizi wake wa ndoa, Éliezer, muntu ya kule milimani Haut Plateau, balifundisha école moja. Tangu vita ya 98, wakati bantu ba kule baliwindwa hapa mujini, hakuna mwenye kumutaja. Norbert anataka nimutoe. Anasema bale ba bunduki bakiingia tena kwake na kuona ile sura, ataeleza nini? «Ni usalama tu, Mama Photo.» Hakuniangalia.

Alhamisi, 9/10
Uso umetoka haraka. Suti pia. Rideau, ile pazia ya nyuma, imejaza pale vizuri. Lakini mukono yake iko kwa bega ya Norbert, na filtre haielewi. Napanua rayon, ule muduara wa kufuta — inakula bega. Napunguza — vidole inarudi. Vine. Kisha viwili. Kisha kimoja, hakitoki.

Basi niandike, hakuna atakayesoma. Août 98, mwezi wa munane, vita ikianza, saa sita ya mchana, Éliezer alipiga hodi kwangu. Akaniita kwa jina. Nilikuwa ndani na batoto. Sikufungua. Nilisikia viatu yake ikienda upande ya ziwa.

Ijumaa, 10/10
Imeisha. Bega safi. Norbert aliangalia weee, akasema ni vizuri, kisha akakaa chini na kushika kichwa. Akasema nichome ile ya zamani, nifute yote kwa ordinateur. Nilisema ndiyo.

Sijachoma.

Jumapili, 12/10
Bajumbe ba amani ba kanisa bameshuka toka Minembwe, kule Haut Plateau. Kisha ya ibada, mama mumoja ameingia studio, anaongea polepole. Uwamwiza. Dada ya Éliezer! Nyumba yao iliungua na picha yote ndani. Mama yao amezeeka, anaanza kusahau sura ya mutoto wake. Amesikia bwana yangu alikuwa anapiga picha ya ndoa.

Nikatoa ile ya zamani. Aliishika kwa mikono miwili. Hakulia. Akasema: «Alikuwa amenenepa!» Akacheka kidogo.

Scanner inatembea. Yeye iko kwa kiti, mi nyuma ya kaunta. Kwa dirisha naona Norbert na Adolphine banatoka kanisani, banakuja huku, banasalimia bantu njiani.

Uwamwiza ameuliza: «Mama, ni nani alimuona mara ya mwisho?»

Nimemuambia ngoja, naandika kwanza kipimo ya picha.

Siandiki kipimo.