Mbwa Niliyemleta Badala ya Chungu

Ipyana,
Kyela.
16 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Angetile,

Ugonile, mwanangu? Mmeamkaje huko Kahama, wewe na mkwe wangu Lugano, na huyo mjukuu wangu Lusungu ambaye mpaka leo namjua kwa picha ya simu tu? Kile kifua chake kimepona? Nasikia huko kwenu ni vumbi tupu. Umfunike hata kama jua ni kali, na wewe mwenyewe unywe uji, usiniambie huna hamu. Anayenyonyesha hana habari ya hamu.

Sisi huku tupo, Mungu anatushika. Baba yako goti linamsumbua asubuhi, likipata jua linanyamaza. Mpunga tumevuna, siyo kama wa mwaka jana, lakini wa kula upo na wa kwako nimeutenga. Barua hii utaikuta juu ya mchele, ndani ya gunia. Nimeona niandike, maana kwenye simu tukianza habari hii wewe unalia, mimi napandisha sauti, mara umekata. Barua utaisoma mpaka mwisho hata ukikasirika.

Habari yenyewe ni ya mbwa.

Najua Bi Tausi wa dukani ndiye aliyekupigia akakwambia mama yako anafuga simba. Usimkasirikie, aliona hatari akasema. Kosa ni langu, wewe mwanangu ndiwe uliyepaswa kuwa wa kwanza kujua. Sasa nikueleze mimi mwenyewe.

Mwezi wa pili nilikwenda Matema kununua chungu, wale kina mama wa Ikombe walikuwa wameshusha vyungu vizuri sana. Pale nyuma ya soko kuna nyumba ya wageni iliyoanza kujengwa ikaishia njiani. Aliyekuwa anajenga alileta mbwa wa kulinda, pitibuli, akaondoka, mbwa akaachwa na mnyororo wake. Watu walikuwa wanamrushia vichwa vya samaki kwa mbali kama unavyorusha jiwe. Nilipomwona mnyororo ulikuwa umeingia shingoni, Ange, umeingia kwenye nyama. Kifua kipana, masikio yamekatwa, mbavu unazihesabu. Nikasema nisogee nimwekee maji tu niondoke. Alikunywa, halafu akaegemeza lile likichwa lake kwenye goti langu akafumba macho. Basi. Ningeondokaje?

Nilirudi naye kwenye gari la vyungu. Alikaa katikati ya vyungu vya watu mpaka huku na hakuvunja hata kimoja. Baba yako alisimama mlangoni akatuangalia wote wawili. "Mama Ange, nilikutuma chungu." Nikamwambia chungu kilikuwa kimepasuka. Akasema, "Na huyu je, mzima?" Lakini ndiye aliyempaka dawa kidonda kile wiki tatu, asubuhi na jioni, na goti lake hilo. Tunamwita Mgeni.

Ukimwona anavyoishi utacheka. Mpunga ukianikwa analala pembeni ya turubai, kuku wakija anainuka tu, hawagusi, wanakimbia wenyewe. Ufagio anauogopa kama nyoka, nikifagia anaingia chini ya kitanda matako yanabaki nje. Anakoroma kumpita baba yako. Mdogo wako Prisca anamfundisha kutoa mkono, anamtolea mguu wa nyuma.

Sasa ile siku uliyonipigia ukasema, "Mama, chagua, mbwa au mjukuu," mimi sikulala vizuri. Kila nikimwangalia Mgeni naona umenifungia mlango. Siku ya tatu yake tulikuwa tunapasua kakao, na mbwa amekaa anatuangalia. Unajua zile mbegu mbichi zilivyo na utamu, ulivyokuwa unazifyonza ukiwa mdogo mpaka nakupiga mkono. Nikamwonea huruma, nikamwekea konzi mbili. Akazitafuna zote na mbegu zake, akalamba midomo, nikamwongeza.

Kulivyokucha alikuwa anatapika, anatetemeka mwili mzima, moyo unakwenda kama mashine ya kukobolea. Mimi kakao hata haikunijia kichwani. Sisi tumekulia humo, nani amewahi kuiona inaua? Nilichoona ni sumu. Na nikaona ya Bi Tausi, maana alikuwa amekwisha kusema hataki mbwa huyo akaribie mlango wake.

Nikakimbia dukani kwake, kanga imefungwa nusu, wateja wamejaa. Nikamtukana. Na nikasema neno ambalo limenifanya niandike barua hii. Nilisema, "Umetumwa na Angetile! Mwanangu amekutuma umuue mbwa!"

Ndiyo, mama. Nilikudhania wewe, mtoto niliyekuzaa mwenyewe. Naona bora ulipate kwangu kuliko lije kukufikia kwa watu.

Bi Tausi hakunirudishia tusi. Aliweka chini kibaba cha sukari akasema, "Mama Ange, mbwa simpendi, na mate yake siyataki. Lakini sumu simwekei kiumbe cha Mungu. Na huyo mtoto wako alinipigia juzi kuuliza kama wewe unakula vizuri." Halafu hapohapo akachukua simu yake akampigia bwana mifugo, Godwin, kwa salio lake.

Godwin alikuja na pikipiki. Akauliza, "Amekula nini jana?" Nikamtajia ugali, dagaa wa usipa, maji. "Na nini kingine?" Nikasema kakao kidogo. Akainua kichwa. "Nani alimpa?" Nikajionyesha kwa kidole. Akasema, "Mama, kakao kwa mbwa ni sumu. Sisi inatupa chakula, yeye inamuua." Nikakaa chini palepale. Mkosaji tuliyekuwa tunamtafuta alikuwa amevaa kanga yangu.

Alimnywesha unga wa mkaa wa dawa, akamwekea dripu tukaitundika kwenye mkakao uleule tuliochuma. Siku mbili hatukujua kama ataamka. Ya tatu akatoka taratibu akaenda kulala kwenye turubai lake.

Nikabeba mkungu wa ndizi kichwani nikaenda dukani saa ileile wateja wanapojaa, maana nilipomtukania ndipo ilipopasa nimwombe msamaha. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ndizi nimepokea," akasema, "mbwa abaki kwako." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nalia.

Na wewe nisamehe, mwanangu. Hofu ya kukukosa ndiyo iliyonitia uchizi.

Sasa habari ya kuja kwenu mwezi ujao. Sitakuficha kitu. Mgeni hajamng'ata mtu, lakini siku moja alimngurumia baba yako alipokuja na kamba mkononi. Hatujui huko alikotoka alifanywa nini. Na Godwin ameniambia mbwa yeyote, hata awe mpole kama kondoo, hawekwi na mtoto mchanga bila mtu mzima. Kwa hiyo hofu yako siyo ya kijinga, nilikosea kukwambia hivyo. Ila kumrudisha kwenye mnyororo siwezi. Nimejaribu kulifikiria, nikalala nalo, nikaamka nalo, siwezi.

Nimeongea na mama yako mdogo Elizabeth wa Kyela mjini. Chumba cha uani amekitoa, kina dirisha zuri na chandarua kipya. Utafikia pale na mtoto wako, na mimi nitakuwa nimefika siku moja kabla yako nimeshachemsha maji ya kukukanda. Wiki zote mtakazokaa nitalala na nyinyi hapohapo. Baba yako atakuja kumwona mjukuu kila siku na baiskeli. Amesema atapika mwenyewe, atakula na mbwa wake, na wote wawili watakonda. Acha wakonde.

Kwa hiyo hakuna cha kuchagua. Mbwa hahami, wewe hukataliwi, nitahama mimi. Unitajie tarehe tu.

Baba yako anakusalimia sana, na Prisca, na mama yako mdogo Elizabeth. Bi Tausi anakusalimia na kumtakia mtoto afya. Mwambie Lugano ndaga kwa kukutunza. Mpe Lusungu busu la bibi yake, kwenye shavu siyo mdomoni. Mungu awafunike njia nzima, na kila mnapolala awaamshe wazima.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda hata ukinikatia simu,

Mama Ange