Papa Aliyetoka Kwenu

Shemeji yangu mpendwa,

Kwa heshima na majonzi natangaza kwamba masharubu yangu hayapo tena. Dada yako amecheka mpaka akakaa chini: "Kumbe huu ndio mdomo niliouvumilia miaka yote!"

Unakumbuka niliapa kuyanyoa siku nitakapomwachia papa. Nchi zetu mbili zilipotia saini mkataba wa kuwalinda papa, nilicheka. Nawe ukaniandikia kwa hasira: "Sisi tunawaachia, ninyi mnawamaliza. Basi nami narudi kuwavua."

Ukweli ni huu. Jumanne wavu wangu ulipandisha papa jike, tumbo limejaa watoto. Mnunuzi wa mapezi alikuwa ananisubiri ufukweni. Nikashika kisu, na sikuwa na nia njema. Ndipo nikaona kwenye pezi lake ile alama ya njano mnayowafungia huko kwenu kabla ya kuwaachia. Nikajua kuna mvuvi alimshika, mwenye watoto wa kulisha kama mimi, naye akamwacha aende zake.

"Nahodha, vipi?" wakauliza mabaharia.

Nikaukata wavu. Ameelekea kwenu, shemeji. Nakuomba, usirudi kuwavua.

Mimi shemeji yako,
wa upande huu wa mpaka