TV ya chogo na picha za jubilei ya wazazi

Jumatano. Baridi ya Songea mwezi huu wa saba haina adabu. Jua lipo, linaonekana kabisa, ila halifanyi kazi. Nimefunga duka mapema, nimevaa sweta juu ya sweta, nimekaa na kompyuta mezani hapa Lizaboni, na hasira ya wiki hii imenipa joto kuliko chai.

Hasira yenyewe ni ya picha.

Jumapili hii wazazi wangu wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Misa itakuwa kwetu Lusewa, kisha chakula nyumbani, kisha wageni watatazama DVD ya picha za maisha yao. Kamati ya jubilei (kwetu hata kuchinja kuku kuna kamati) ilitaka kumpa kazi hiyo fundi wa video wa mjini. Mimi nikanyanyuka nikasema hapana, nitatengeneza mwenyewe, kompyuta naijua. Ninachokijua ni kuskani vyeti vya watu na kuchapa barua dukani kwangu, basi. Lakini nilikuwa nimeshatamka mbele ya mashemeji, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nikaskani albamu yote ya mama. Nikakusanya na picha za simu za wajukuu. Kila picha ina umbo lake: hii ndefu kama mlango, hii pana, ile mraba. Nikiziweka kwenye skrini zinaacha weusi pembeni, na mimi ule weusi niliuona kama aibu, kama sahani ya mgeni iliyopakuliwa nusu. Kwa hiyo nikazivuta. Kila picha niliivuta mpaka ikajaza skrini. Nikatazama kwenye kompyuta kingo tu, si watu, zimejaa pomoni, nikajisifu.

Jumapili iliyopita nikapeleka diski ya majaribio Lusewa. TV ya wazazi ni ile ya chogo, yenye mgongo mkubwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na deki iko chini yake. Hawataki nyingine, na siku ya sherehe ndiyo itakayotolewa barazani. Nikawaamkia, tukapiga stori kidogo, nikawakalisha, nikaweka diski.

Jamani.

Baba yangu ni mwembamba tangu namfahamu. Kwenye TV akatokea bwana mmoja mnene, shingo hana, mabega yanagusa kuta. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe nilikuwa nakulisha," akasema. Baba hakucheka. Alikuwa anatafuta miguu yake.

Asiyewajua wazee wetu ataona ni jambo dogo. Enzi zao, mtu akipigwa picha alitaka atoke mzima, kuanzia kofia mpaka viatu. Picha iliyokukata miguu ulimrudishia mpigapicha. Na viatu alivyovaa pale ni vya harusi, alivinunua baada ya kuuza tumbaku ya msimu mzima. Sasa TV ilikuwa imeishia kwenye pindo la suruali. "Mama," akaniambia, maana nina jina la mama yake, "viatu vyangu umevipeleka wapi?"

Nikajifanya natafuta rimoti.

Nilidhani hapo ndipo aibu imefika mwisho. Kisha ikaja picha ya Komunyo ya Kwanza ya mdogo wetu wa mwisho, sisi sote tumejipanga mstari mbele ya nyumba. Kaka yetu mkubwa, Osmundi, alisimama mwisho kabisa upande wa kulia. Siku hiyo alikuwa amefika kutoka Tunduru alikokuwa anachimba mawe ya vito, shati limejaa vumbi, akakataa kusogea asije akachafua gauni jeupe la mtoto. Ndiyo picha pekee tuliyo nayo ya utu uzima wake. Mwaka uliofuata shimo lilimfukia hukohuko Tunduru.

Kwenye TV hakuwepo. Mstari uliishia kwa dada yangu Benigna.

Mama aliacha kucheka. Akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye TV, akaweka kidole kwenye plastiki, pale kioo kinapoishia. "Na huyu wa hapa?" akauliza. Nikamwambia ni TV, mama, nitarekebisha. Akarudi kukaa, akatazama mpaka diski ikaisha. Roho iliniuma njia nzima ya kurudi Songea.

Tangu Jumatatu nimesoma, nimejaribu, nimekosea, nimejaribu tena. Nayaandika hapa nisije nikasahau, na yakimfaa mwingine, sawa. TV ya chogo haionyeshi picha yote unayoipa. Inakula ukingo, juu, chini, kushoto na kulia. Kompyuta haili, ndiyo maana ilinidanganya. Kwa hiyo sasa natengeneza kwanza fremu nyeusi ya 768 kwa 576, inayokaa sawa kwenye TV za umbo lile, halafu picha naiweka katikati ikiwa ndogo kuliko fremu, nikiacha nafasi pande zote. Na nikipunguza, napunguza urefu na upana kwa pamoja, ile alama ya kufuli ikiwa imefungwa. Programu ikiniuliza kama ivute picha ijaze, naijibu hapana kama ninayemjibu mtu. Weusi ubaki. Weusi wa pembeni haujawahi kumnenepesha baba wa mtu.

Ina maana kurudia picha zote, moja moja. Nimerudia.

Lililonipa shida zaidi ya hayo yote ni simu ya Benigna, jana. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati, na habari za diski alishazipata. Nikamweleza kuhusu Osmundi, nikitegemea aniambie pole. Akasema niiache ile picha kama ilivyo. "TV imetusaidia," akasema. "Mama asije akalia mbele ya padri na wageni. Ni siku ya furaha, Daria. Siku moja tu."

Nilimkatia simu. Nilimkatia kweli, sikusingizia mtandao.

Baadaye nikatulia. Benigna hana roho mbaya. Wakati wa msiba mimi nilikuwa shuleni bweni, yeye alikuwa nyumbani. Yeye ndiye aliyekuwa akimbembeleza mama ale, akimwogesha, akimwamsha asubuhi. Anaogopa kitu anachokijua, mimi mwenzake nakijua kwa kusimuliwa. Kwa hiyo nilikaa na ile picha mchana wote jana, kufuli limefungwa, nikijiuliza nina haki gani ya kumwamulia mama machozi yake.

Kisha nikakumbuka kile kidole. Mama hakuomba nimtoe mtu. Aliuliza yuko wapi.

Leo nimechoma diski mpya, nikaipeleka kwa jirani yangu Mama Devota, ambaye naye ana TV ya chogo. Nikamwomba asimamishe tamthilia yake kidogo. Baba amerudi kuwa mwembamba. Viatu vinaonekana, vyote viwili, hadi kamba. Na ilipofika ile ya Komunyo, Osmundi alikuwepo, na vumbi lake, kajitenga kidogo, mikono nyuma. Nilijikaza kisabuni, nikashindwa. Mama Devota akadhani diski imeharibika, akaanza kuipigapiga deki.

Nimerudi nyumbani, nimempigia Benigna. Kwanza nikamwomba radhi kwa ya jana. Halafu nikamwambia bila kuzunguka: dada, Osmundi yumo, na hatoki. Mama akilia, nitakaa naye mimi. Wageni wakiuliza, nitawajibu mimi. Huwezi kuhesabu miaka hamsini ya ndoa ya mtu ukaruka mtoto wake wa kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata maneno mengine nilishayapanga.

Nilisikia kuku wa kwake, nikasikia mtu anasogeza kiti. Nikadhani safari hii yeye ndiye anakata.

"Anaonekana vizuri?" akauliza.

Nikamwambia anaonekana vizuri.

"Basi isipite haraka, mdogo wangu. Picha nyingine zipite. Hiyo isipite haraka."

Nimekaa na maneno hayo tangu saa tisa. Chai imepoa, sijaigusa. Programu inaniruhusu kupanga kila picha ikae muda gani, na nimejaribu hii kuipa muda mfupi, muda mrefu, mrefu zaidi, kila mara naona bado. Sasa nimeacha kujaribu. Atakayejua inatosha ni mama, na hawezi kuiambia kompyuta leo.

Jumapili, rimoti naishika mimi.